Mchezo Usiokwisha na Wachezaji Wake

Kazi za sanaa tulizorithi zina mlango wa kutokea. Utenzi hufika kwenye beti zake za mwisho, mtunzi akataja jina lake, akaomba dua, akaweka kalamu chini. Hadithi ya kando ya moto hufungwa kwa maneno yanayojulikana, ili watoto wafahamu kuwa sasa ni wakati wa kulala. Hata Shahrazadi, ambaye kunyamaza kwake kungalikuwa ndiyo kufa kwake, alifika usiku wa elfu na mmoja akapumzika. Lakini katika miaka kama thelathini iliyopita imezuka sanaa moja isiyo na mlango huo, nayo ni michezo ya mtandaoni ichezwayo na watu wengi kwa pamoja. Ndani yake dunia nzima ya kubuni huwekwa katika mitambo iliyo mbali, na watu huingia na kutoka humo usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Ultima Online ilifunguliwa mwaka 1997, EverQuest mwaka 1999, RuneScape mwaka 2001, EVE Online mwaka 2003, na World of Warcraft mwaka 2004. Zote tano hazijafungwa bado, na mtu aliyezaliwa mwaka ilipoanza ile ya kwanza sasa yumkini ana watoto wake mwenyewe.

Wengi wameuliza kwa nini watu hucheza michezo hii, wakajibu kwa kulaumu au kwa kusifu, kila mmoja kwa tabia yake. Swali linalomhusu mhakiki ni lile la pili, lisiloulizwa sana: kwa nini huiacha? Kazi isiyo na mwisho haiwezi kumalizwa. Huweza kuachwa tu. Basi kila aliyeiacha ametoa hukumu juu yake, hata kama hakutamka neno, na hukumu hiyo yastahili kusomwa kwa makini kama yasomwavyo maoni ya msomaji mwenye akili juu ya kitabu.

Yafaa kwanza kuziondoa njiani sababu ambazo si za uhakiki, maana katika mji kama Arusha ni nyingi na zina nguvu. Mchezaji wa Ngarenaro au wa Njiro aghalabu hucheza kwa simu, na kila dakika ya mchezo hula bando alilolinunua kwa fedha yake. Umeme ulikuwa wa mgao nchini kote mwaka 2023, mpaka mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kufua umeme mwezi Februari 2024. Na mtu aliyekatikiwa na umeme katikati ya vita ya kubuni huhesabiwa na wenzake kuwa amekimbia. Tarehe 12 Mei 2024 zilikatika nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, na Tanzania nzima ikakaa siku kadhaa na intaneti ya kuchechemea. Tena liko jambo la umbali, ambalo halina dawa. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde; basi mtambo wa mchezo ukiwa Ulaya, na njia ya waya ikawa kilomita 10,000, amri ya kidole kwenda na jibu lake kurudi haiwezi kupungua sehemu moja ya kumi ya sekunde, hata vyombo vyote vya njiani vikiwa kamili. Kwa asomaye, muda huo si kitu. Kwa anayepigana na mtu aliyekaa Frankfurt, ni kufa kabla hujajua umepigwa. Wako vijana wengi wa chini ya Mlima Meru walioacha kwa sababu hiyo peke yake, na kuacha kwao hakuwi hukumu juu ya sanaa bali juu ya jiografia. Tuwaache hapo. Kadhalika tuwaache walioacha kwa sababu ya mitihani, au ndoa, au kazi ya zamu. Hao wangaliacha hata kucheza mpira.

Waliobaki ni wale walioacha ilhali wana umeme, wana bando, wana wakati. Hao ndio wenye neno.

Jibu jepesi juu yao ni kwamba wamechoka. Lakini neno hilo halitoshi, na aliyekaa barazani na wacheza bao atalitilia shaka mara moja. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na sheria zake hazikuongezwa kitu katika maisha ya mchezaji yeyote aliye hai. Hakuna ramani mpya, hakuna silaha mpya, hakuna zimwi jipya lililoletwa msimu huu. Na bado mzee aliyeanza kunamua akiwa kijana hunamua hadi leo, na akikosa mpinzani hukasirika. Ikiwa kurudia jambo lilelile ndiko kunakochosha, bao lingalikufa zamani, na mchezo wa mtandaoni, uletao vipya kila miezi michache, usingalipoteza mchezaji hata mmoja.

Tofauti iko mahali pengine. Katika bao, jana haipo. Kete zikikusanywa zikagawanywa upya, bingwa na mwanafunzi huanza sawa, na alichobaki nacho bingwa ni kile kilichomo kichwani mwake, ambacho hapana awezaye kukishusha thamani. Katika michezo ya mtandaoni jana hulimbikizwa. Mchezaji hupanda ngazi, hukusanya mavazi na mali, na kazi ya miezi mingi huwekwa katika daftari la mtambo kama akiba ya benki. Sasa mtunzi wa mchezo, akitaka watu waendelee kulipa, hana budi kuongeza ngazi juu ya ngazi. World of Warcraft ulianza na ngazi 60 mwaka 2004. Zikawa 70 mwaka 2007, 80 mwaka 2008, 85 mwaka 2010, 90 mwaka 2012, 100 mwaka 2014, 110 mwaka 2016, na 120 mwaka 2018. Kila zilipoongezwa, upanga uliotafutwa na watu arobaini kwa majuma mengi ulizidiwa na kisu kilichotolewa bure kwa anayeingia katika nchi mpya. Mwaka 2020 hesabu ikawashinda wenyewe: ngazi zikakunjwa, aliyekuwa na 120 akaambiwa kuwa sasa ana 50, na kilele kikarudi 60, palepale pa mwaka 2004. Wachumi wanalo jina la jambo hili linapoipata fedha ya nchi. Mtu anayeacha hapo hakuchoka kucheza. Amekataa kulipwa kwa sarafu inayoyeyuka mkononi.

Idadi zilizotangazwa na wenye mchezo wenyewe zaonyesha ukubwa wa jambo. Mwezi Oktoba 2010 walikuwa wamefikia wachezaji milioni 12 wenye kulipa. Mwaka 2015 walisema wamebaki milioni 5.5, kisha wakaeleza kwamba hawatatangaza tena idadi hiyo, nalo ni tangazo la aina yake.

Mtu wa kwanza kuligeuza suala hili kuwa la elimu ni Richard Bartle, Mwingereza, ambaye pamoja na Roy Trubshaw walitunga katika Chuo Kikuu cha Essex, tangu mwaka 1978, mchezo wa maneno matupu ambao ndio babu wa michezo hii yote. Mwaka 1996 Bartle aliandika makala akiwagawa wachezaji katika makundi manne, akiyapa alama za karata: uru ni watafuta cheo na mali, shupaza ni wapelelezi wanaochimbua siri za dunia ile, kopa ni wapenda maongezi, na pau ni wale wanaofurahia kuwadhuru wenzao. Lililo bora katika makala yake si mgawanyo wenyewe, ambao mtu yeyote aliyekaa kijiweni angeweza kuufanya, bali hoja yake kwamba makundi hayo huliana. Pau wakizidi, kopa hukimbia. Kopa wakikimbia, pau hukosa mawindo nao wakaondoka. Mchezo basi ni kama malisho, na kuondoka kwa mmoja kwaweza kuwa chanzo cha kuondoka kwa mia.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ina kasoro moja. Bartle aliandika kama mwenye malisho: aliuliza namna ya kuwaweka wanyama wote kwa uwiano mzuri. Hakumwuliza mchezaji anayeondoka akiwa ameshiba, wala yule anayeondoka kwa hasira kwa sababu malisho yenyewe yamebadilishwa chini ya miguu yake. Na hao wa pili ndio waliotoa hukumu kali kuliko wote.

Mfano wao mkubwa ni Star Wars Galaxies, uliofunguliwa mwezi Juni 2003. Sifa yake ilikuwa kwamba mtu aliweza kuishi humo bila kuwa shujaa. Aliweza kuwa fundi wa silaha, mpishi, mchezaji wa ngoma katika kilabu, mganga, mfuga wanyama. Kazi zilikuwa zaidi ya 30, na aliyetaka kuwa shujaa mwenye upanga wa nuru ilimpasa kutaabika sana, hata walipokuwa wachache watu walijikusanya kuwatazama. Mwezi Novemba 2005 watunzi wakaupindua mchezo. Kazi zile zikapunguzwa zikawa 9, na ushujaa ule adimu ukawekwa mlangoni ili kila mgeni auchague siku ya kwanza. Mantiki yao ilieleweka: watu wanapenda mashujaa, basi wapewe mashujaa. Wachezaji wakaondoka kwa makundi, na mwezi Desemba 2011 mchezo ukafungwa.

Kosa lililofanywa hapo ni kosa la kisanaa kabla ya kuwa la biashara, na msomaji wa ushairi wa Kiswahili hana haja ya kueleza kwa mbali, kwa kuwa mambo ya namna hiyo yamepita nyumbani kwake. Uwanja mkubwa wa michezo wa mji wa Arusha una jina la Sheikh Amri Abeid, na wengi wanaoingia humo kutazama mpira hawajui kwamba mtu huyo, aliyefariki mwaka 1964 akiwa waziri, ndiye aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Kitabu hicho kilikuwa sheria za mchezo. Na mchezo wenyewe ulikuwa ukichezwa na watu wengi kwa mbali: mshairi wa Tanga alitupa fumbo katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na washairi wa Tabora, wa Ujiji na wa Unguja wakalifumbua au wakalipinga kwa vina na mizani. Hawakupata kuonana wengi wao. Walijuana kwa lakabu. Walitukanana kwa adabu, wakaungana dhidi ya mgeni, wakaombolezana. Anayedhani kwamba kushindana na watu usiowaona ni uvumbuzi wa intaneti, na azisome kurasa za mashairi za magazeti yetu ya zamani.

Kisha, katika miaka ya 1970, sheria zikaguswa. Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974. Kabla yake kidogo, mwaka 1973, Mulokozi na Kahigi walikuwa wametoa Mashairi ya Kisasa. Walioshikilia vina na mizani wakasema hayo si mashairi. Ugomvi ukawa mkubwa na mrefu, na maneno mengine yaliyosemwa humo hayakuwa ya hekima kwa upande wowote. Lakini angalia matokeo yake: hapana aliyeifunga tarbia. Aliyechukia ushairi huru aliendelea kutunga kwa vina, akapata gazeti la kumchapa na mwenzake wa kumjibu. Mchezo wa zamani ulibaki umesimama kando ya mchezo mpya, na hadi leo yote miwili inachezwa.

Hilo ndilo wasiloweza kulipata wachezaji wa mtandaoni. Mwandishi wa riwaya akiiharibu katika chapa ya pili, msomaji anayo chapa ya kwanza rafuni mwake. Mchezaji hana rafu. Dunia aliyoipenda imo katika mtambo wa mwingine, na siku inapobadilishwa, ile ya jana haipo tena popote duniani. Hawezi kuichapa makala ya kuipinga ndani ya kazi yenyewe kama mshairi alivyoweza kujibu shairi kwa shairi. Silaha yake ya uhakiki ni moja tu, nayo ni kuondoka.

Wako watunzi walioligundua hili wakiwa wamechelewa. RuneScape uliondoa biashara huru na mapigano ya nyikani kuanzia mwezi Desemba 2007, ili kuwazuia waliouza mali ya mchezo kwa fedha halisi. Wakaondoka wengi, na baada ya wachezaji kupigiwa mbiu ya kura, mambo hayo yalirudishwa mwezi Februari 2011. Somo halikukaa. Novemba 2012 namna ya kupigana ikageuzwa yote, na watu wakaondoka tena. Ndipo wenye mchezo wakafanya jambo ambalo wahakiki wa fasihi wangelifurahia: walifukua nakala ya dunia yao kama ilivyokuwa mwezi Agosti 2007, wakaifungua kando ya ile mpya mwezi Februari 2013, na humo wakaweka desturi kwamba jambo kubwa lisibadilishwe ila kwa kura za wachezaji, robo tatu yao wakikubali. Dunia ile ya zamani ikawazidi watu ile mpya. World of Warcraft nao, baada ya kuwalazimisha watu wa Nostalrius kuifunga dunia ya zamani waliyoijenga bila ruhusa mwezi Aprili 2016, walifungua wenyewe dunia ya zamani mwaka 2019.

Desturi ya kura ile si ngeni katika miteremko ya Meru. P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya Waarusha, ameeleza jinsi mashauri yao yalivyoamuliwa kwa mazungumzo marefu ya mabaraza mpaka pande zikakubaliana, wala si kwa hukumu ya mtu mmoja aliyekaa juu. Mtunzi wa mchezo wa mtandaoni alianza akiwa mungu wa dunia yake. Aliyedumu ni yule aliyekubali kuwa mjumbe wa baraza.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba sheria zikiachwa zilivyo watu hawataondoka. Wataondoka, na sababu iliyo kubwa kuliko zote ni nyepesi kutamkwa: fulani haingii tena. Michezo hii huchezwa kwa vikundi. Katika Free Fire na PUBG Mobile, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika simu za vijana, kikundi ni watu wanne. Katika michezo mikubwa huweza kuwa arobaini. Kikundi kina mpishi wake wa utani, mkali wake, mtulivu wake anayepatanisha. Yule mtulivu akipata kazi Dodoma akaacha, hakuna tangazo linalotolewa. Siku ya kwanza wenzake humngoja. Siku ya kumi wanatafuta mtu wa kuziba pengo, naye ni hodari kuliko aliyeondoka, lakini hajui kwa nini wenzake hucheka likitajwa jina la mlima fulani. Mwezi wa tatu kikundi hakipo. Ukimwuliza mmoja wao, atasema mchezo umeharibika. Mchezo haukuguswa, kilichokufa ni hadhira. Mtambaji wa hadithi anajua kwamba hadithi ileile, ikisikilizwa na watu wengine, si hadithi ileile.

Hapa ndipo desturi za mahali penyewe zinapoweza kumfundisha mhakiki jambo ambalo vitabu vya michezo havina. Kwa Waarusha waliojikita katika kilimo chini ya Mlima Meru, na kwa ndugu zao Wamaasai wa nyikani, ujana wa kimorani ni hali yenye sifa, wimbo, mavazi, marafiki na hatari. Kwa lugha ya leo mtu angeweza kusema kuwa ni dunia kamili ndani ya dunia. Lakini una mwisho, na mwisho huo umewekewa sherehe. Katika eunoto nywele ndefu za morani hunyolewa, na masimulizi ya siku hiyo hayakosi kutaja machozi. UNESCO iliziingiza sherehe za rika za Wamaasai wa Kenya katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka mwaka 2018, na ni haki, kwa maana kilichomo humo ni elimu ya kuacha. Morani haondoki peke yake. Huondoka na rika lake lote, siku moja, hata asiwepo wa kubaki nyuma akijiuliza wenzake wamekwenda wapi. Haondoki kwenda mahali pasipo na jina. Anaingia daraja linalofuata, lenye heshima na kazi zake. Tena nyuma yake wako wadogo wanaoingoja nafasi ile kwa hamu, basi kuondoka kwake ni zawadi kwao. Wala sifa zake hazifutwi. Jina la rika huendelea kutajwa hata nywele za wenyewe zikiwa nyeupe.

Linganisha na mchezaji wa mtandaoni. Ametumia miaka minane katika dunia ile. Ameongoza watu mia, ameshinda vita ambazo wenzake wa Ujerumani na Ufilipino bado wanazisimulia. Usiku mmoja, saa saba, anazima simu na hairudii. Hapana wa kumnyoa. Hapana daraja linalomngojea. Kwa wazazi wake ameacha upuuzi, kwa wenzake ametoroka, kwa wenye mchezo ni tarakimu iliyopungua, nao watamtumia barua za kumbembeleza na zawadi ya upanga. Mwili wake wa kubuni umelala mtamboni ukiwa umevaa silaha zote, hauzeeki wala hauziki.

Ndiyo maana wachezaji wa EVE Online wamejitungia desturi yao wenyewe, ndogo na ya kejeli. Mwenzao akiacha kabisa, husema kwamba ameushinda mchezo. Ni mzaha, lakini mzaha uliobeba nadharia nzima: katika mchezo usio na mwisho ushindi pekee ni kuweza kutoka. Anayeusikia mara ya kwanza hucheka. Aliyecheza miaka kumi hacheki sana. Inafaa kusema pia kwamba wengi waliopongezwa kwa ushindi huo walionekana tena baada ya miezi sita, nao walipokewa bila kuulizwa maswali.

Liko pia jambo la kufungwa, ambalo huchanganywa na kuacha bila sababu nzuri. Watu wa Meru wanajua uzito wa tofauti hiyo kuliko wengi: mwaka 1951 waliondolewa Engare Nanyuki kwa amri ya serikali ya kikoloni, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda kuisema kesi yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Kulinganisha ardhi ya watu na mchezo kungekuwa utovu wa adabu, wala makala haya hayalinganishi. Yanaazima lugha tu, ambayo yatenganisha kuhama na kuhamishwa. Wachezaji wa China walihamishwa kutoka World of Warcraft mwezi Januari 2023, mkataba wa kampuni mbili ulipokwisha, wakarudishwa mwezi Agosti 2024. Wale wa City of Heroes, uliofunguliwa mwaka 2004, walipewa habari mwaka 2012 kwamba dunia yao itafungwa tarehe 30 Novemba. Wakakusanyika katika uwanja wake uitwao Atlas Park wakiwa wameshika mienge ya kubuni, maelfu ya mashujaa wasio na adui. Waliujenga tena kwa siri, siri ikatoka mwaka 2019, na mwezi Januari 2024 wenye haki wakawapa ruhusa ya kuuendesha. Katika michezo yote iliyotajwa humu, huo ndio usiku ambao wachezaji waliondoka pamoja wakiwa na mwanga mikononi. Na kwa ajabu, ndio walioshindwa kuacha.

Limebaki jambo moja ambalo kwa mhakiki wa Kiswahili haliwezi kupitwa. Hakuna hata mmoja kati ya michezo mikubwa iliyotajwa hapo mwanzo uliotolewa kwa Kiswahili. Mchezaji wa Sakina au wa Usa River huingia katika dunia ambayo mito yake, miji yake na mazimwi yake yana majina ya Kiingereza, na hapo huanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma: humpa zimwi jina la mwalimu aliyekuwa akichapa sana, huuita mlima wa kubuni Meru, hubuni neno la kuonya kwamba adui yuko nyuma ya ukuta, kwa kuwa maneno yaliyopo ni marefu mno na risasi haingoji. Katika kikundi cha watu wanne hutokea msamiati mzima, wa haraka, wenye matusi na wenye utani, ambao mwanaisimu angeweza kuuchunguza kwa mwaka mzima akapata shahada. Kikundi kikivunjika, msamiati huo hauna pa kukaa. Malumbano ya washairi wa Mambo Leo yamehifadhiwa katika maktaba, na mwanafunzi aweza leo kusoma nani alimjibu nani, kwa bahari gani, mwezi gani. Yaliyosemwa Ngarenaro saa sita ya usiku, wakati wanne walipobaki wawili na mmoja wao akapata njia ya kumwongoza mwenzake kwa maneno matatu, hayakuandikwa na mtu, na waliobaki wa kuyakumbuka hawachezi tena.